Siku Moja Ahmedabad: Jinsi ya Kupanga Matembezi



Watu wa nchi zetu huenda India kwa sababu nyingi. Wengine huenda kusoma. Wengine huenda kufanya biashara. Wengine huenda kutibiwa. Mgonjwa haendi peke yake. Huenda pamoja na ndugu wa kumsaidia.

Tuseme wewe ndiye ndugu huyo. Umemsindikiza kaka yako mpaka mji wa Ahmedabad. Amefanyiwa upasuaji na sasa anaendelea vizuri. Kwa wiki mbili hujaona kitu ila kuta za hospitali. Asubuhi moja kaka yako anakuambia hivi: "Mdogo wangu, kesho nenda ukautazame mji. Mimi nitakuwa na wauguzi. Jioni uje unisimulie."

Una siku moja tu. Fedha zako ni chache. Mji ni mkubwa na huujui. Je, utafanya nini?

Mtu asiye na mpango atatoka tu na kutembea. Atachoka, atatumia fedha, na jioni hatakuwa na la kusimulia. Mtu mwenye mpango atakaa kwanza, achukue kalamu na karatasi, aandike. Katika somo hili tutaandika mpango huo pamoja.

MJI WENYEWE

Ahmedabad ni mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah. Jina la mji limetokana na jina lake. Mto Sabarmati unapita katikati. Mji wa kale uko upande wa mashariki wa mto. Sehemu mpya iko zaidi upande wa magharibi.

Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuweka mji wa kale wa Ahmedabad katika orodha ya urithi wa dunia. Ulikuwa mji wa kwanza wa India kupewa heshima hiyo.

Sisi wa Afrika ya Mashariki si wageni kabisa kwa watu wa Gujarat. Kwa mamia ya miaka majahazi yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Yalileta nguo na shanga. Yalichukua pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Maneno nayo yalisafiri. Tunaposema "gari", "bima", "pesa" na "chapati", tunatumia maneno yaliyotoka upande huo. Ukiyasikia Ahmedabad, usishangae.

HATUA YA KWANZA: PIMA MUDA WAKO

Usianze na mahali pa kwenda. Anza na saa ya kurudi.

Tuseme saa ya kuwaona wagonjwa ni saa 11:00 jioni. Kaka yako atakuwa anautazama mlango. Basi saa 11:00 ndiyo mwisho wa safari yako. Andika saa hiyo kwanza, chini kabisa ya karatasi. Kisha panga kazi nyingine kutoka hapo kurudi nyuma.

Angalia jambo moja. Saa za kule zimeandikwa kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Kugeuza si vigumu. Tazama namba ya saa. Ikiwa ni zaidi ya 6, toa 6. Ikiwa ni 6 au chini ya 6, ongeza 6. Kwa hiyo 7:45 asubuhi ni saa 1:45 asubuhi. Na 5:00 jioni ni saa 11:00 jioni. Watu wengi wamekosa gari la moshi kwa kusahau hesabu hii ndogo.

Pia, saa za India ziko mbele ya saa zetu kwa saa mbili na nusu. Ukipiga simu nyumbani saa 2:00 usiku wa Ahmedabad, nyumbani ni saa 11:30 jioni. Huenda mama bado yuko shambani.

HATUA YA PILI: CHAGUA

Mji una vitu vingi vya kutazama. Huwezi kuviona vyote kwa siku moja. Mpango mzuri ni pamoja na kujua la kuacha.

Kwa mfano, nje ya mji, kiasi cha kilomita 18 kaskazini, kuna kisima cha Adalaj. Kilimalizika karibu na mwaka 1499. Ni kisima cha ngazi, chenye ghorofa tano kwenda chini ya ardhi. Kuta na nguzo zake zimechongwa nakshi. Watu walishuka kuchota maji, na wasafiri walipumzika humo penye ubaridi. Ni kitu kizuri sana. Lakini kwenda na kurudi kutakula sehemu kubwa ya mchana. Basi siku hii tunakiacha. Siku nyingine, Mungu akipenda, utakiona.

Sisi tutachagua mambo matatu tu. La kwanza ni mitaa ya mji wa kale. La pili ni misikiti miwili, mmoja ukiwa ni kazi ya Mwafrika. La tatu ni nyumba ya Mahatma Gandhi. Sasa tuyatazame moja moja.

MITAA YA KALE

Katika mji wa kale watu wanaishi katika vitongoji vinavyoitwa pol. Kila pol ina njia nyembamba na lango lake. Zamani lango lilifungwa usiku kwa ajili ya usalama. Nyumba nyingi ni za mbao zilizochongwa nakshi. Mtu aliyeona milango ya kale ya Unguja atakumbuka, kwa sababu baadhi ya milango ile ni ya mtindo wa Kigujarati.

Tazama mambo mawili hasa.

Jambo la kwanza ni minara midogo ya kulishia ndege. Inaitwa chabutro. Watu huweka nafaka juu yake ili njiwa na ndege wengine wale.

Jambo la pili ni matangi ya maji. Chini ya ua wa nyumba nyingi za kale kuna tangi lililojengwa kwa ustadi. Maji ya mvua yalitoka juu ya paa, yakapita katika mfereji, yakaingia tangini. Yalitumiwa katika miezi ya kiangazi. Fikiri juu ya paa la nyumba yako. Maji yake huenda wapi mvua inaponyesha?

Halmashauri ya mji imeweka matembezi ya kuongozwa ya asubuhi. Huanzia kwenye hekalu la Swaminarayan la Kalupur, lililojengwa mwaka 1822, na kuishia Jama Masjid. Huchukua kama saa mbili na nusu. Mtu asiyejua njia anafaa kujiunga nayo. Uliza siku moja kabla: huanza saa ngapi, na malipo ni kiasi gani. Mambo hayo hubadilika, kwa hiyo usitegemee maneno ya mwaka jana.

MISIKITI MIWILI

Jama Masjid ni msikiti mkuu wa Ijumaa. Sultani Ahmad Shah aliujenga, ukamalizika mwaka 1424. Umejengwa kwa mawe ya rangi ya manjano. Ndani zipo nguzo 260. Simama katikati yake utazame pande zote. Utajiona kama umo katika msitu wa mawe. Minara yake mirefu iliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1819, lakini msikiti wenyewe unasimama mpaka leo na watu wanasali humo.

Karibu yake kuna soko la Manek Chowk. Asubuhi pana wauza mboga, mchana pana wauza dhahabu na fedha, na usiku pana wauza vyakula. Uwanja ni ule ule mmoja!

Kutoka hapo, tembea kwa miguu upite Teen Darwaza. Ni lango la kale lenye milango mitatu. Mbele kidogo utaiona ngome ya Bhadra, iliyoanza kujengwa mwaka ule ule wa kuanzishwa mji. Usikae sana. Endelea mpaka msikiti wa Sidi Saiyyed.

Hapa, ndugu msomaji, usiharakishe.

Msikiti huu ni mdogo. Ulijengwa katika miaka ya 1572 na 1573, mwishoni mwa utawala wa masultani wa Gujarat. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. Wakati ule Waafrika wengi walikuwapo India. Wengine walipelekwa kwa nguvu kama watumwa. Wengine walikuwa askari na mabaharia. Baadhi yao walipanda vyeo na kuwa watu wakubwa. Wahindi waliwaita Sidi au Habshi.

Tazama madirisha ya msikiti huo. Yana umbo la nusu duara. Si ya kioo wala ya mbao. Ni ya mawe yaliyotobolewa na kuchongwa kwa ustadi mkubwa. Dirisha moja limechongwa mti wenye matawi yanayopindana na kusukana, na kati yake mna mnazi au mtende. Mawe hayo yameonekana kuwa mepesi kama lesi. Mwanga hupita katikati ya matawi. Leo mti huo umekuwa alama ya mji mzima. Madirisha haya unaweza kuyaona hata ukiwa nje, barabarani.

Uzao wa Waafrika wale wako Gujarat mpaka sasa. Wanaitwa Wasidi. Wanazungumza Kigujarati, kwa sababu ndiyo lugha ya mahali walipozaliwa. Lakini wanayo ngoma yao ya kupiga na kucheza, nao huiita goma. Neno hilo wewe hulihitaji kufasiriwa.

Kumbuka adabu. Vua viatu unapoingia msikitini au hekaluni. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti. Wanawake wachukue mtandio. Usipige picha kabla ya kuuliza. Usiingie kutazama wakati watu wanasali. Kwa sababu hiyo mchana wa Ijumaa haufai kwa matembezi haya.

NYUMBA YA GANDHI

Mohandas Gandhi alirudi India kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1915. Alichagua kuishi Ahmedabad. Mwaka 1917 yeye na wenzake walihamia ukingoni mwa mto Sabarmati. Walijenga nyumba za kawaida, wakalima, wakasokota nyuzi na kufuma nguo zao wenyewe. Mahali hapo panaitwa Sabarmati Ashram. Pako kilomita chache kaskazini ya mji wa kale.

Utaona nyumba aliyokaa. Haina fahari yoyote. Utaona pia gurudumu la kusokotea nyuzi. Gandhi aliwaambia watu wake kwamba kununua nguo zote kutoka Uingereza kunawafanya maskini. Akawafundisha kusokota.

Kutoka hapa ilianza safari ya chumvi. Wakati ule serikali ya Waingereza ilikataza watu kujitengenezea chumvi, tena iliitoza kodi. Kila mtu, hata maskini, hula chumvi. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi alitoka kwa miguu na wenzake 78. Alikuwa na umri wa miaka 60. Walitembea kiasi cha kilomita 385 mpaka Dandi, pwani. Tarehe 6 Aprili aliokota chumvi ufukoni na kuivunja sheria ile mbele ya watu. Maelfu wakafuata. Wengi walitiwa gerezani, naye pia. India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947.

Gandhi alikuwa amesema hatarudi kuishi hapa mpaka nchi iwe huru. Uhuru ulikuja, lakini aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Hakurudi kuishi katika nyumba ile.

Kaa kidogo chini ya miti, uutazame mto. Mahali hapa pana utulivu. Ni pazuri kumalizia siku.

RATIBA YETU

Sasa tuandike ratiba. Saa zote ni kwa hesabu ya Kiswahili.

Saa 1:00 asubuhi: Kutoka, kwa bajaji.
Saa 1:30: Kufika hekalu la Kalupur.
Saa 1:45 mpaka 4:15: Matembezi ya mitaa ya kale.
Saa 4:15 mpaka 5:00: Jama Masjid na Manek Chowk.
Saa 5:00 mpaka 5:45: Teen Darwaza na Bhadra, kwa miguu.
Saa 5:45 mpaka 6:30 mchana: Msikiti wa Sidi Saiyyed.
Saa 6:30 mpaka 8:00: Chakula na kupumzika kivulini.
Saa 8:00 mpaka 8:30: Bajaji mpaka Sabarmati Ashram.
Saa 8:30 mpaka 9:45: Nyumba ya Gandhi.
Saa 9:45 mpaka 10:30: Kurudi hospitali.
Saa 10:30 mpaka 11:00 jioni: Akiba.

Tazama mstari wa mwisho. Hiyo nusu saa haina kazi, lakini ni ya maana kuliko zote. Njiani magari yanaweza kusongamana. Bajaji inaweza kuharibika. Muda wa akiba ni kama mbegu iliyowekwa darini: usiule.

Kwa nini tumepumzika mchana? Kwa sababu ya jua. Kuanzia Aprili mpaka Juni joto la Ahmedabad hupita nyuzi 40. Ukienda miezi hiyo, punguza safari. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua hunyesha. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Februari. Wakati wowote chukua chupa ya maji na kofia au mtandio.

Chakula cha Gujarat aghalabu hakina nyama. Utaletewa sinia yenye vibakuli vya dengu, mboga, wali, achari na chapati. Ni chakula cha kushibisha. Pombe imekatazwa na sheria katika jimbo la Gujarat, kwa hiyo usiitafute.

HESABU YA FEDHA

Kabla ya kutoka, uliza bei, kisha andika. Namba zilizo hapa ni za kufanyia mazoezi tu. Siyo bei za kweli.

Bajaji ya asubuhi: rupia 150
Matembezi ya kuongozwa: rupia 300
Chakula cha mchana: rupia 300
Bajaji ya kwenda Ashram: rupia 150
Bajaji ya kurudi: rupia 200
Maji: rupia 60
Jumla: rupia 1,160
Akiba: rupia 240
Fedha za kuchukua: rupia 1,400

Akiba ni karibu sehemu moja kwa tano ya matumizi. Iweke mfuko mwingine. Fedha za matibabu usizitoe kabisa. Ziache mahali salama palipofungwa, pamoja na pasi ya kusafiria. Chukua nakala ya pasi hiyo.

Unapopanda bajaji, uliza kama ina mita inayofanya kazi. Kama haina, patana bei kabla hujakaa.

USIPOTEE

Sasa tufike kwenye jambo gumu.

Wewe umejifunza kusoma. Umetoa jasho kwa ajili ya kila herufi. Lakini Ahmedabad vibao vingi vimeandikwa kwa herufi za Kigujarati. Hata namba za mabasi mengine ni za Kigujarati. Utazitazama na hutajua ni nini. Moyo utashtuka. Utakumbuka siku zile ulipomwomba mtoto wa jirani akusomee barua.

Usione haya. Profesa akifika huko naye atakuwa hivyo hivyo. Hakuna mtu anayejua kusoma herufi zote za dunia. Tofauti ni kwamba sasa wewe unajua maandishi hufanya kazi gani. Basi yatumie.

Mwombe muuguzi akuandikie kikaratasi. Upande mmoja aandike jina la hospitali na mtaa wake kwa Kigujarati. Chini yake wewe mwenyewe andika, kwa herufi zetu, "Hospitali". Kisha mwombe aandike hivyo hivyo jina la kila mahali utakapokwenda. Ukipanda bajaji, onyesha jina la mahali. Dereva atasoma, nawe utajua umemwonyesha nini.

Nakili ratiba mara mbili. Nakala moja iwe mfukoni mwako. Nyingine mwachie kaka yako. Atakapoitazama saa, atasoma na kujua: "Sasa mdogo wangu yuko kwenye madirisha ya mawe." Hatakuwa na wasiwasi. Na kama ukichelewa, wauguzi watajua pa kuanzia kukutafuta.

KURUDI

Saa 11:00 jioni unaingia wodini. Viatu vina vumbi. Kaka yako ameketi kitandani, karatasi mkononi. Anaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kusema, "Haya, anza hapa."

Nawe unaanza. Mstari kwa mstari unamtembeza mji mzima, bila yeye kuteremka kitandani.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ratiba: orodha ya mambo ya kufanya na saa zake.
Akiba: kitu kinachowekwa kwa ajili ya haja isiyotazamiwa.
Nakshi: michoro ya kupamba iliyochongwa au kutiwa rangi.
Nakala: maandishi yaliyotolewa sawasawa na ya asili.

MASWALI

1. Kwa nini tulianza kupanga na saa ya kurudi?
2. Mji wa Ahmedabad ulianzishwa mwaka gani, na nani?
3. Kwa nini tuliacha kwenda kisima cha Adalaj?
4. Sidi Saiyyed alikuwa mtu wa asili ya wapi? Alijenga nini?
5. Gandhi alitembea mpaka Dandi kwa sababu gani?
6. Saa ya ukutani kule inasema 4:30 jioni. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?
7. Ukipunguza rupia 100 kwenye chakula, jumla ya matumizi itakuwa ngapi?

KAZI YA KUFANYA

Mgeni kutoka mbali atakuja kijijini kwenu kwa siku moja. Kaeni watu watatu watatu. Chagueni mambo matatu ya kumwonyesha. Andikeni ratiba yake, kuanzia saa atakayoondoka mkirudi nyuma. Msisahau akiba. Kisha someni ratiba zenu mbele ya darasa. Darasa liulize: je, mgeni huyu akirudi kwao, atakuwa na la kusimulia?